Namna ya kumtegemeza moyo mgonjwa wa saratani na jamaa zake: mwongozo kwa familia za Mombasa

Familia nyingi za Mombasa, zikipata habari kwamba mmoja wao ana saratani, huanza na mambo mawili, dua na mchango wa pesa, na yote mawili yana mahali pake. Linaloachwa nyuma ni hali ya moyo ya mgonjwa mwenyewe na ya wale wanaomuuguza, kwa sababu watu hudhani kwamba palipo na mapenzi faraja huja yenyewe. Haiji yenyewe. Faraja katika ugonjwa mrefu ni kazi yenye saa zake, zamu zake na mipaka yake, na isipogawanywa humwangukia mtu mmoja, kwa kawaida binti au mke, mpaka naye akaugua. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya jamaa wanaotaka kuigawa kazi hiyo tangu siku za mwanzo.

Haja yenyewe si ndogo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la kitabibu la The Lancet Oncology ulikuta kwamba kiasi cha wagonjwa 3 hadi 4 katika kila 10 wanaotibiwa saratani hospitalini huwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, wasiwasi uliozidi au namna nyingine ya kuvurugika kwa hisia. Baadhi yao huvuka kwa msaada wa jamaa, marafiki na wauguzi, lakini wengine huhitaji mshauri nasaha au daktari wa magonjwa ya akili, hata kama jamaa zao ni watu wema kupita kiasi.

Anzeni na habari yenyewe

Desturi kubwa kwetu ni kumficha mgonjwa. Daktari huitwa pembeni na mume au mtoto wa kiume, jina la ugonjwa hutajwa huko huko, na mgonjwa huambiwa kwamba ana uvimbe kidogo au vidonda vya tumbo. Nia ni huruma. Matokeo yake ni mtu anayetiwa dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, bila kujua anatibiwa nini, anayeona nywele zikidondoka, anayesikia mazungumzo yakikatika kila akiingia sebuleni, na ambaye mara nyingi ameshajua zamani lakini hana wa kumwambia kwamba anajua. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake kwa lugha anayoifahamu, kwa hivyo si utovu wa adabu kumwomba daktari aeleze kwa Kiswahili, aeleze polepole, na arudie.

Kumwagia mtu habari zote kwa mkupuo mmoja, eti kwa kuwa ni haki yake, nako ni ukatili. Madaktari waliofunzwa kutoa habari nzito huanza kwa kumuuliza mgonjwa anajua nini na anataka kujua kiasi gani, kisha humfuata kwa mwendo aliouchagua yeye. Nyumbani mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

— Mwanangu, daktari amesemaje?

— Nitakwambia, mama. Lakini niambie kwanza, wewe mwenyewe waonaje huu ugonjwa?

— Naona si wa kawaida. Titi haliwi hivi.

— Ni kweli, si wa kawaida. Wataka nikwambie yote aliyosema, au twende pamoja Jumatatu akwambie mwenyewe?

— Niambie jina lake tu. Hayo mengine tutayasikia Jumatatu.

Binti huyu hakudanganya, na hakumpa mamake zaidi ya alichokiomba. Wapo wagonjwa watakaojibu kwamba hawataki kujua lolote na kwamba daktari azungumze na kaka yao mkubwa; hilo nalo ni chaguo lao na liheshimiwe, ila waulizwe tena baada ya wiki chache, maana mtu aliyekataa habari mwezi wa kwanza huweza kuihitaji mwezi wa tatu. Jambo lisilofaa ni jamaa kujipa mamlaka hayo bila ya kumuuliza mwenye mwili wake.

Hapo hapo mteueni msemaji mmoja wa familia, anayekubaliwa na mgonjwa, atakayekwenda naye kwenye miadi akiwa na daftari. Maswali yaandikwe usiku wa kuamkia miadi, majibu yaandikwe mbele ya daktari, kwa sababu mtu aliyesikia neno saratani aghalabu hasikii vizuri yanayofuata. Kikundi cha WhatsApp cha ukoo kipate habari kutoka kwa msemaji huyo peke yake, na kisipate picha ya mgonjwa akiwa kitandani isipokuwa ameridhia kwa kinywa chake. Kwa maoni yangu, aibu inayosababishwa na picha za namna hiyo, zinazosambazwa kwa jina la kuomba dua, haipewi uzito unaostahili.

Kuitambua dhiki mapema

Wataalamu wa saratani Marekani hutumia kipimo rahisi cha sifuri hadi 10, ambapo sifuri ni mtu asiye na dhiki yoyote na 10 ni dhiki ya kupita kiasi katika wiki iliyopita; anayetaja 4 au zaidi huchunguzwa kwa undani. Hakuna kinachoizuia familia kuuliza swali hilo hilo kila wiki, kwa utulivu, na kuandika jibu kwenye daftari lile lile. Mzee asiyependa nambari anaweza kuulizwa kama moyo wake u mwepesi, mzito, au mzito usiobebeka.

Ugumu wa kuitambua sonona kwa mgonjwa wa saratani ni kwamba dalili zake za mwilini, yaani uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula, hufanana na athari za kemo na za ugonjwa wenyewe. Basi tazameni zaidi dalili za moyoni. Je, bibi aliyekuwa akiuliza wajukuu zake kila jioni sasa hawaulizi? Je, mtu aliyependa kusikiliza mpira au taarabu sasa anaomba izimwe? Je, anajilaumu kwamba ameifilisi nyumba? Huzuni au kukosa raha ya chochote kukiendelea kwa muda wa wiki mbili, siku nyingi kuliko zisizo nazo, mwambieni daktari. Wanaume wa kwetu hawasemi kwamba wana huzuni. Huzuni yao hutoka kwa hasira za ghafla, au kwa kugeukia ukutani. Na kabla ya kuihesabu kuwa ni ya moyo tu, ulizeni habari ya maumivu, kwa kuwa mtu anayeumwa usiku kucha hawezi kufarijiwa kwa maneno.

Mgonjwa akisema kwamba amechoka kuishi au kwamba ni mzigo kwa watu, msimkemee wala msimwambie akatubu. Muulizeni waziwazi kama amefikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu fikra ambayo hakuwa nayo; humfungulia njia ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa zote zifungiwe, na apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Zamani watu waliogopa kulitaja jambo hili hospitalini kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina laini ya bure ya ushauri nasaha, nambari 1199, ambayo jamaa pia wanaweza kuipiga.

Wageni

Katika Uislamu kumtembelea mgonjwa ni miongoni mwa haki za Mwislamu juu ya mwenziwe, na majirani Wakristo nao wana ada yao ya kuja kuomba pamoja, kwa hivyo nyumba ya Mombasa haiwezi kufunga mlango, na haifai iufunge. Lakini wageni wasiopangwa ni miongoni mwa mambo yanayowachosha zaidi wagonjwa wanaorudi nyumbani kutoka kwenye matibabu. Wanakuja jamaa sita kutoka Kisauni, hawajaondoka wamefika wanne wa Changamwe, mwenye nyumba anakimbia kupika chai na mahamri, na mgonjwa amekaa wima kwa heshima ilhali anataka kulala.

Mwekeni mtu wa mlangoni. Awe shangazi au mjomba mwenye ulimi laini na uso usioona haya, ambaye kazi yake ni kuwapokea wageni barazani, kuwaeleza kama mgonjwa anaonekana leo au la, na kuwasimamisha baada ya robo saa. Neno lake liwe lile lile kwa wote, tajiri na maskini, ili kusiwe na manung'uniko. Mtu huyu ana sababu ya kitabibu pia: kwa dawa nyingi za kemo, chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maradhi, hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na wakati huo mafua ya mgeni huweza kuwa hatari kubwa kwa mgonjwa. Anayekohoa aombe dua yake kwa simu. Homa ikimpata mgonjwa katika siku hizo na ikafika nyuzi 38, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, usingoje miadi.

Mgeni mwenyewe naye ana la kujifunza. "Pole" na "Mungu akuafu" yanatosha. Hadithi ya jirani wa Bamburi aliyekuwa na ugonjwa huu huu, na ambaye mwisho wake unajulikana, ibaki huko huko Bamburi. Asimwambie mgonjwa kwamba amekonda, kwani kioo anacho. Asimuulize alikuwa akila nini hata akapata ugonjwa, maana swali hilo ni shutuma iliyovikwa nguo ya udadisi. Maneno kwamba ni mtihani wa Mungu huwafariji wengine na kuwavunja wengine, kwa hivyo ni bora ayaseme mgonjwa kwanza, kisha mgeni aitikie. Na badala ya kusema "ukihitaji kitu nambie", ambalo humwachia mgonjwa kazi ya kuomba, mgeni ataje kitu chenyewe: nitawapeleka watoto chuoni wiki hii, nitakuja na tuktuk Alhamisi saa moja asubuhi, nitakaa naye Jumamosi ili mkeo alale. Chakula kinachonukia sana, biriani ikiwemo, kisiletwe chumbani mwa mtu aliyetoka kwenye kemo juzi, hata kama kimepikwa kwa mapenzi makubwa.

Watoto wa nyumbani

Watoto hujua kwamba kuna jambo. Wasipoelezwa hujitungia maelezo yao, na mara nyingi hayo wanayoyatunga ni mabaya kuliko ukweli: kwamba mama anaumwa kwa sababu walimkasirisha, au kwamba wakilala naye wataambukizwa. Waambieni jina la ugonjwa, kwamba hauambukizi kwa kula wala kulala pamoja, kwamba hawakuusababisha kwa lolote walilolisema au kulifanya, na ni nani atakayewapikia na kuwapeleka shule mama akilazwa. Hilo la mwisho ndilo wanalotaka kujua zaidi, ingawa hawaliulizi. Mwalimu wa darasa na ustadhi wa chuo wapewe habari kwa ufupi, ili mtoto asiadhibiwe kwa kusinzia au kwa kazi ambayo hakuimaliza. Binti wa miaka 12 asigeuzwe kuwa muuguzi wa kudumu wa nyumba. Kusaidia ni sawa, kuacha shule si sawa.

Dua, mganga na hospitali

Hapa ndipo familia nyingi hugawanyika. Upande mmoja unasema ni hasadi au jini, na unataka mgonjwa apelekwe kwa mganga. Upande mwingine unacheka. Na mgonjwa yuko katikati, anaogopa kuwaudhi wote wawili. Kucheka hakujawahi kumrudisha mtu kwenye matibabu. Ni bora kutenganisha mambo. Dua, kisomo na maombi ya kanisani havigongani na kemo wala mionzi, na kwa wagonjwa wengi ndivyo nguzo yenyewe. Dawa za kunywa za miti shamba ni jambo jingine, kwa kuwa baadhi yake hulielemea ini au kubadilisha nguvu ya dawa za hospitalini, kwa hivyo zitajwe zote kwa daktari, bila ya kuogopa kukemewa. Kisichokubalika ni mganga anayeamuru matibabu yaachwe, kwa sababu uvimbe uliowezekana kukatwa leo huenda usikatike baada ya miezi kadhaa.

Viongozi wa dini wana kazi ambayo daktari hawezi kuifanya. Mgonjwa anayejiona mkosefu kwa kula mchana wa Ramadhani hukumbushwa na imamu kwamba Qurani yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa. Mtu aliyekatwa sehemu ya utumbo na kuvalishwa mfuko wa choo tumboni mara nyingi huacha kuswali kwa kuona kwamba hana twahara tena, yaani usafi wa ibada. Sheikh mwenye elimu humweleza kwamba mwenye udhuru wa kudumu huchukua udhu kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, na swala yake husihi. Nimelitaja hili kwa urefu kwa sababu huzuni ya mtu aliyekatikiwa na ibada yake haiponi kwa vidonge, na inaweza kuondoshwa kwa mazungumzo ya nusu saa na mtu anayejua.

Haya, mwili na ndoa

Saratani ya matiti, ya mlango wa kizazi na ya tezi dume ni miongoni mwa zinazoonekana kwa wingi nchini Kenya, na zote zinagusa sehemu za mwili ambazo watu wetu hawazitaji. Mke aliyeondolewa titi huogopa kutalikiwa au kuongezewa mke. Mume aliyetibiwa tezi dume huogopa kwamba si mwanamume tena. Woga huu usiposemwa hugeuka ukimya kitandani, na kila mmoja huutafsiri ukimya wa mwenziwe kuwa ni kukataliwa. Mgonjwa ana haki ya kumwomba muuguzi wa jinsia yake amweleze lini wanaweza kurudi katika tendo la ndoa, ni nini kitabadilika, na ni msaada gani uliopo. Mume akae katika mazungumzo hayo ikiwa mke ameridhia. Nywele huota tena baada ya kemo kwisha, na kwa mwanamke anayejitanda mtandio kichwa si tatizo kubwa nje. Tatizo ni ndani ya nyumba, mbele ya mumewe na watoto, na huko ndiko anakohitaji neno jema.

Pesa bila ya fedheha

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya hospitali, na malipo yake ya saratani yana kikomo cha mwaka kwa kila kaya. Msemaji wa familia aulize salio lililobaki kabla ya kila awamu ya kemo, si baada yake. Katika hospitali za umma yuko afisa wa ustawi wa jamii, ambaye huzungumza na walioshindwa kulipa. Aonwe mapema, kwani kumwona siku ya kuruhusiwa huwa umechelewa. Michango ishikwe na mtu asiyekuwa mgonjwa wala mumewe wala mkewe, na hesabu itolewe kwa waliochanga, ili mgonjwa asibebe shutuma za pesa juu ya ugonjwa. Mwajiriwa ajue pia kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa, baada ya miezi miwili ya kazi, angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Ni chache, lakini zidaiwe.

Anayeuguza

Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani, ambayo wenyeji bado huiita Makadara, hupokea wagonjwa wa kaunti zote sita za Pwani, na wengi wanaotoka Lamu, Tana River au Taita hufikia kwa jamaa zao mjini kwa wiki nyingi. Mwenyeji huyo, mwenye vyumba viwili Magongo au Likoni na watoto wake mwenyewe, husahaulika kabisa. Familia iliyobaki kijijini ndiyo imlipie nauli, maji na chakula, na impokee zamu.

Katika nyumba nyingi ndugu wa kiume ndio huamua, na mke wa mtoto ndiye huosha vidonda. Mimi ningeweka sharti moja: kila mwenye sauti katika kikao cha familia alale na mgonjwa usiku mmoja kwa wiki, na kama yuko Nairobi au Arabuni, alipe mtu wa kulala. Maamuzi huwa na busara zaidi yakitolewa na mtu aliyewahi kubadilisha shuka saa tisa za usiku. Anayeuguza apate siku moja ya wiki isiyoguswa, aende pwani, kwa mamake au alale tu. Akianza kulia bila sababu, kumkasirikia mgonjwa na watoto, kusahau dawa zake mwenyewe za presha au sukari, basi naye ni mgonjwa wa pili wa nyumba na apelekwe akaonwe. Kwa mgonjwa na kwa anayeuguza pia, mazungumzo na mtu aliyewahi kupitia njia ile ile husaidia kuliko mawaidha. Muulizeni muuguzi wa kliniki ya saratani kama kuna kikundi cha wagonjwa, au mtu aliyepona aliye tayari kuzungumza.

Tiba shufaa, mapema

Tiba shufaa ni huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na dhiki, na hospisi ni kituo kinachoitoa. Watu husikia jina la hospisi wakadhani ni mahali pa kwenda kufa. Daktari Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya jamii na ya roho kwa pamoja, na kwamba yote yatibiwe. Nchini Kenya kazi hiyo ilianza na Nairobi Hospice mwaka 1990, na Mombasa ina Coast Hospice. Ombeni kuunganishwa nao pindi maumivu au wasiwasi vinapozidi, hata kama kemo inaendelea.

Wao ndio watakaowaeleza habari ya morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, ambayo kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4 kwa saa maalumu bila ya kungoja maumivu yarudi. Mgonjwa anayeinywa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo cha daktari, kwa kawaida hageuki teja. Hofu hiyo, inayoeleweka katika mji ulioumizwa na heroini, huwaacha watu wakiteseka bure. Morfini huleta choo kigumu, kwa hivyo ombeni na dawa ya kulainisha choo. Kidonda kinachonuka nacho kina dawa yake ya kukata harufu, na kuipata humrudishia mgonjwa wageni ambao yeye mwenyewe alikuwa amewakataza.

Ikifika hali ya kutopona, muulizeni anataka kuwa wapi, nyumbani au hospitalini, na nani awe karibu. Madeni yake yaandikwe na wasia ushuhudiwe. Kwa Mwislamu wasia hauzidi thuluthi ya mali. Kuyasema haya si kumtakia kifo, na wagonjwa wengi hulala vizuri zaidi usiku wa siku ile waliyoyamaliza.

Baada ya maziko nyumba hujaa, kisha baada ya hitma huwa tupu ghafla. Zamu zile zile zilizopangwa kwa mgonjwa ziendelee kwa mjane katika miezi 4 na siku 10 za eda, na baada yake pia, hasa jioni, saa ambayo alikuwa akimpa mgonjwa dawa. Akiwa bado hawezi kula wala kutoka baada ya miezi mingi, mshauri nasaha wa hospisi humwona na yeye vilevile. Morfini iliyobaki irudishwe kwenye famasi ya hospitali, isiachwe kabatini, na mabinti wa mama aliyekufa kwa saratani ya matiti wamwambie daktari habari hiyo, ili awapangie uchunguzi wao wenyewe.